Mita Inasoma, Skrini Haioni: Maneno ya Mawasiliano katika Upimaji wa Umeme Viwandani

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaomalizia masomo ya umeme, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni maneno ya mtandao na mawasiliano kwenye vifaa vya kupima umeme viwandani. Njia rahisi ingekuwa kuyapanga kwa alfabeti na kuyapitia moja baada ya jingine. Sitafanya hivyo, maana faharasa ya aina hiyo iko nyuma ya vitabu vingi vya mita, na haimsaidii mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba skrini ya chumba cha udhibiti imejaa vistari. Nataka kila neno tuliulize swali moja: linapimwa wapi, na kwa kifaa gani? Neno la waya linapimwa kwa multimita. Neno la lugha linasomwa baiti kwa baiti kwenye kompyuta. Neno la mtandao wa IP linajaribiwa kwa ping, yaani kukiita kifaa kwa anwani yake uone kama kinajibu, na kwa namba ya poti, yaani mlango wa huduma ndani ya kifaa. Asiyezitenganisha ngazi hizi hung'oa mita nzima na kufunga mpya, wakati kilichokosekana ni rezista ya ohm 120.

Tushike mfano mmoja hadi mwisho. Kiwanda kina transfoma ya kV 11 kwenda volti 400, ubao mkuu, mita moja ya kuingilia na mita 20 za matawi: kompresa, pampu, mashine za kufungasha, taa, ofisi. Mita zote 21 zimeungwa kwa kebo moja ya RS-485, kebo inaishia kwenye lango linalogeuza seriali kuwa Etheneti, na lango limeungwa na seva ya usimamizi. Viwanda vingi mnavyovijua vimejengwa hivyo.

Kabla ya mtandao, niseme jambo la CT, ile transfoma ndogo inayopunguza mkondo wa kebo ili mita iweze kuupima, kwa sababu mtandao hulaumiwa kwa dhambi za CT. Mita iliyofungiwa CT ya 400/5 lakini ikapangwa 200/5 itatuma namba safi, kwa wakati, bila hitilafu yoyote ya mawasiliano, na namba hiyo itakuwa nusu ya kweli. Weka klampu kwenye kebo ya fezi, linganisha na kioo cha mita, kisha linganisha kioo cha mita na skrini ya seva. Klampu na kioo zikitofautiana, kosa ni la CT au mpangilio wa mita. Kioo na skrini zikitofautiana, hapo ndipo mtandao unapohusika. Na tafadhali, ukitaka kutoa waya wa CT wakati mzigo uko juu, funga kwanza daraja la kuishoti. Upande wa pili wa CT ukiachwa wazi huzalisha volti za kuua mtu.

Sasa RS-485. Hii si lugha. Ni kanuni ya umeme iliyotolewa Marekani mwaka 1983, na inaeleza volti tu: kipokezi kinatakiwa kutambua biti pale tofauti ya nyaya mbili inapofika volti 0.2, na kitumaji kinatakiwa kutoa angalau volti 1.5 kikiwa kimebebeshwa mzigo kamili. Kwa kasi ndogo kebo inaweza kufika urefu wa takriban mita 1,200. Idadi ya vifaa inahesabiwa kwa vipimo vya mzigo 32; chipu nyingi za siku hizi zinabeba robo au sehemu ya nane ya kipimo kimoja, ndiyo maana unaona mitandao yenye vifaa zaidi ya 32 ikifanya kazi bila tatizo.

Kebo iende kwa mnyororo: inaingia mita ya kwanza, inatoka kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Mtu akichukua sanduku la kuungia, akatoa matawi matano kwenda paneli tano, amejenga nyota. Kila ncha ya nyota hurudisha mwangwi wa ishara. Kwa kasi ya 9,600 na matawi mafupi nyota inaweza kukuvumilia kwa miezi, kisha siku ukiongeza mita moja au ukipandisha kasi, mtandao unaanza kupoteza majibu, na kila mtu anailaumu mita mpya.

Ncha mbili za mnyororo, mbili tu, zinafungwa rezista ya ohm 120 kila moja kati ya nyaya mbili za data, D+ na D−. Hapa kipimo chake ni rahisi mno. Zima vifaa vyote vya mstari huo, chomoa rezista za kuvuta kama zipo (nitazieleza hivi punde), weka multimita kwenye ohm kati ya D+ na D−. Ukisoma karibu na 60, rezista mbili zipo. Ukisoma karibu na 120, moja haipo. Ukisoma 40, mtu amefunga ya tatu, na mara nyingi ni swichi ndogo ndani ya mita ya katikati iliyoachwa imewashwa tangu kiwandani. Kebo ndefu itaongeza ohm kadhaa. Hilo ni la kawaida.

Kwa nini ya tatu iwe na madhara? Hesabu inajieleza. Vifaa vyote vikinyamaza, hakuna anayeshikilia nyaya, kwa hiyo zinawekewa rezista mbili za kuvuta: moja kutoka D+ kwenda volti 5, nyingine kutoka D− kwenda sifuri, tuseme ohm 680 kila moja. Kati yake kuna ohm 60 za ncha mbili. Volti 5 ukigawa kwa 1,420 unapata miliampea 3.5, na hizo zikipita kwenye ohm 60 zinaacha volti 0.21. Umevuka 0.2 kwa kukwaruza. Ukiongeza rezista ya tatu, 60 inakuwa 40, na volti ya ukimya inashuka hadi 0.14. Sasa kipokezi hakijui kama kimya hiki ni moja au sifuri. Kinazusha baiti ambazo hakuna aliyezituma, na fremu halali inayofuata, yaani ujumbe mmoja kamili, inaharibika mwanzoni. Ukiweka multimita ya DC kati ya D+ na D− mtandao ukiwa hewani lakini umesimamishwa kuuliza, unatakiwa kuona zaidi ya volti 0.2, D+ ikiwa juu. Rezista za kuvuta ziwe mahali pamoja tu kwenye mstari, kwa kawaida kwenye lango.

Herufi A na B zimewasumbua wengi. Kwa kanuni yenyewe A ndiyo upande hasi wakati wa ukimya na B upande chanya, lakini watengenezaji wengi wa chipu na mita wameandika kinyume. Usibishane na kitabu. Fuata alama za + na − kama zipo, na kama hazipo, badilisha nyaya mbili ujaribu tena. Kuzigeuza hakuunguzi kitu. Dalili yake ni kwamba mita moja uliyoigeuza haijibu kabisa, na nyingine zinaendelea vizuri, au zinaanza kuyumba kama mita hiyo ina rezista zake za kuvuta zinazovuta upande wa pili.

Kuna waya wa tatu ambao wengi wetu tunauruka kwa sababu tunaambiwa RS-485 ni ya nyaya mbili. Kipokezi kinavumilia nyaya zote mbili kwa pamoja zikiwa kati ya volti −7 na +12 kulinganisha na sifuri yake. Ndani ya ubao mmoja hilo halikusumbui. Lakini kebo ikitoka jengo la uzalishaji kwenda nyumba ya pampu umbali wa mita 300, kila jengo na ethi yake, hitilafu moja au radi moja inaweza kutenganisha sifuri hizo kwa volti mia kadhaa. Asubuhi unakuta milango ya mawasiliano ya mita sita imekufa huku mita zenyewe zinaendelea kupima. Vuta kondakta wa tatu, uunge kwenye temino ya C au SC, na kati ya majengo weka kirudishi chenye utengano wa umeme, au tumia nyuzi za kioo. Kinga ya wavu ya kebo iungwe ethi upande mmoja. Kebo ya data isilale kwenye trei moja na kebo za inveta za mota. Ziachanishe angalau sentimita 30, na zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Waya umekaa sawa. Tuje kwenye lugha, na kwa mita za viwandani lugha inayotawala bado ni Modbus, iliyotungwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ni ya zamani, ni butu, haina nywila, na inaeleweka na karibu kila kifaa. Inafanya kazi kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio: anaita jina moja, anayeitwa anajibu, wengine wote kimya. Hakuna anayeruhusiwa kusema bila kuitwa, hata kama paneli yake inaungua. Vitabu vya zamani vinawaita bwana na mtumwa; mwaka 2020 taasisi inayosimamia Modbus ilihamia klayenti na seva. Kuweni waangalifu hapo, kwa sababu mita ndiyo seva na kompyuta ya chumba cha udhibiti ndiyo klayenti, kinyume na wengi wanavyodhani.

Majina yenyewe ni namba 1 hadi 247. Mita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani 1. Ukifunga mpya bila kuibadilisha, anwani 1 ya zamani na mpya zitajibu kwa pamoja na majibu yatagongana. Skrini itaonyesha kosa la CRC, baiti za kukagua kama ujumbe umefika mzima, kwenye anwani 1 tu, wakati nyingine 20 ni nzima. Dalili hiyo ukiiona, uliza kwanza ni nani alifunga mita wiki hii.

Kasi, pariti (biti ya kukagua kila baiti) na biti ya kusimama (inayofunga kila baiti) lazima zifanane kwa wote. Kanuni ya Modbus inataka pariti shufwa na biti moja ya kusimama, na ukiondoa pariti inataka biti mbili za kusimama, ili kila baiti ichukue biti 11 daima. Watengenezaji wengi huandika 8N1, yaani biti 10, na inafanya kazi mradi pande zote zimekubaliana.

Sasa tuangalie fremu moja kwa karibu. Kompyuta inauliza mita namba 1 rejista mbili za kwanza, yaani visanduku viwili vya kwanza vya kuhifadhia namba ndani ya mita. Kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, kinachopita kwenye waya ni hiki: 01 03 00 00 00 02 C4 0B. Ile 01 ni anwani. Ile 03 ni kazi, soma rejista za kuhifadhi. 00 00 ni rejista ya kuanzia. 00 02 ni idadi. C4 0B ni CRC, ukaguzi, na baiti yake ndogo ndiyo inayotangulia. Jibu linaanza 01 03 04, yaani ni mimi namba 1, kazi ni ile ile, nakuletea baiti nne. Kisha zinakuja 43 66 00 00 na CRC yake. Hizo 43 66 00 00 ni volti 230 kamili katika namba ya desimali ya biti 32.

Rejista moja ya Modbus ni biti 16 tu, kwa hiyo volti hii imekatwa vipande viwili: 4366 na 0000. Modbus haikusema kipande kipi kitangulie, na hapo ndipo penye asilimia kubwa ya vilio vya siku ya kwanza. Programu ikivipanga kinyume, 0000 4366, inapata namba ndogo isiyo na maana na skrini inaandika 0.00. Volti ikipanda kidogo hadi 231.4, vipande ni 4367 na 6666; ukivigeuza unapata namba yenye tarakimu 24. Skrini inayoruka kati ya sifuri na namba isiyoingia kwenye kisanduku haina mita mbovu. Ina mpangilio wa vipande uliogeuka.

Chukua hii uiweke kichwani: volti yoyote kati ya 128 na 512, ikiwa katika mfumo huu wa desimali, kipande chake kikubwa huanza na 43. Hezi 50 kamili ni 4248 0000. Kwa hiyo fungua programu ya majaribio, omba rejista kwa heksadesimali bila tafsiri, na utafute 43 iko wapi. Ikiwa iko kwenye rejista ya kwanza, mpangilio ni wa kawaida. Ikiwa iko ya pili, kuna mambo mawili: ama vipande vimegeuzwa, ama umeanza rejista moja mbele au nyuma na umeshika nusu ya kipimo hiki na nusu ya kinachofuata. Soma rejista sita mfululizo ndipo utofautishe. Volti za fezi tatu zitajipanga mbele yako.

Hilo la rejista moja mbele linatokana na tabia ya kuandika 40001. Katika vitabu, rejista ya kwanza ya kuhifadhi huitwa 40001, lakini kwenye waya inapita sifuri, kama mlivyoona kwenye fremu. Mtengenezaji mmoja anaandika 40001, mwingine 1, mwingine 0, wa nne anaandika heksadesimali, na wote wanasema kitu kile kile. Programu nyingine hutoa moja kimyakimya, nyingine haitoi. Usikisie: chagua kipimo unachokijua, volti au hezi, uisome kwa anwani ya kitabu, kisha kwa moja chini yake.

Mita ikikataa, inakwambia kwa nini. Kazi inarudi ikiwa imeongezwa 80: badala ya 03 unaona 83, na namba ya sababu. 01, kazi hiyo siifahamu. Jaribu 04 badala ya 03. 02, rejista hiyo sina. 03, kiasi ulichoomba hakikubaliki, kwa kawaida umezidisha kikomo cha rejista 125 kwa ombi moja. Jibu la namna hii ni habari njema, kwa sababu waya, kasi, pariti na anwani vyote vimethibitishwa. Nashangaa kila mara kuona programu za gharama kubwa zikichukua jibu hilo zuri na kuliandika kwenye skrini kama "hitilafu ya mawasiliano" tu.

Tuhesabu muda, kwa sababu wateja wanapenda kuomba usomaji wa kila sekunde. Kwa kasi ya 9,600 na biti 11 kwa baiti, baiti moja inachukua milisekunde 1.15. Ombi la baiti 8 ni 9. Jibu la rejista 40 ni baiti 85, yaani 97. Kimya cha lazima kati ya fremu ni muda wa baiti 3.5, milisekunde 4, mara mbili. Tuipe mita milisekunde 50 za kufikiri. Jumla ni kama 165, na kwa mita 21 ni sekunde 3.5. Ukipandisha kasi hadi 19,200 hupati nusu yake, unapata kama 2.3, maana muda wa kufikiri wa mita haubadiliki. Lakini mpangaji wa programu akiomba rejista moja moja mara 40 badala ya kuomba 40 kwa pamoja, kila mita inakula sekunde 3 na mzunguko mzima unafika dakika moja. Mtandao ule ule, nyaya zile zile. Na mita moja ikifa, huku umeweka subira ya sekunde moja na majaribio matatu, mzunguko wako wa sekunde 3.5 unakuwa zaidi ya 6 kwa sababu ya marehemu mmoja. Weka programu yako iwe inamruka aliyeshindwa na kumrudia baada ya dakika kadhaa.

Upande wa pili wa lango ni Etheneti, na hapa vijana mko nyumbani kuliko sisi, kwa hiyo nitapita haraka. Kebo ya shaba haizidi mita 100 kati ya swichi na kifaa. Kila mita au lango lina anwani ya IP, kinyago cha mtandao kinachoonyesha majirani zake ni nani, na anwani ya ruta inayopeleka ujumbe mtandao mwingine. Mita iliyo 192.168.10.21 yenye kinyago 255.255.255.0, na seva iko 192.168.20.5, haitajibu seva hata siku moja kama hukuiandikia ruta, lakini itaijibu kompyuta yako uliyoichomeka kwenye swichi ile ile. Hapo ndipo mnaposikia "mimi nikija inafanya kazi, nikiondoka inakufa".

Vifaa vya kupimia vipewe anwani za kudumu. DHCP, yaani ruta kugawa anwani yenyewe, inafaa kwa simu na kompyuta za ofisi. Umeme ukikatika na kurudi, mita huwaka kwa sekunde chache na ruta huchelewa dakika mbili tatu. Mita isiyopata anwani hujipa yake, au inapewa mpya, na seva inaendelea kubisha mlango wa zamani. Kama idara ya TEHAMA inashikilia DHCP, waombe wahifadhi anwani kwa MAC ya kila kifaa, ile namba ya utambulisho kinayotoka nayo kiwandani.

Modbus juu ya TCP, yaani Modbus ikisafiri kwenye mtandao wa IP, hutumia poti 502. Ping ikijibu na poti 502 isijibu, waya na IP ni salama. Tafuta ukuta wa moto, au huduma ya Modbus iliyozimwa kwenye mita, au nafasi zilizojaa. Nafasi ni miunganisho ambayo kifaa kinaweza kuhudumia kwa wakati mmoja, na mita ndogo huwa na chache sana. Kompyuta ya fundi iliyofungwa ghafla bila kukata muunganisho inaweza kuishikilia nafasi hadi kifaa kichoke kusubiri. CRC kwenye TCP haipo; kazi hiyo inafanywa na ngazi za chini. Badala yake kuna namba ya kitengo, ambayo kwenye lango ndiyo ile anwani 1 hadi 247 ya upande wa RS-485. Mita iliyo na Etheneti yake yenyewe kwa kawaida inataka 1 au 255, soma kitabu chake.

Kwenye lango kuna mtego mmoja wa kuangaliwa: subira ya upande wa seriali iwe fupi kuliko subira ya seva. Seva ikikata tamaa baada ya milisekunde 500 na lango linasubiri mita hadi 1,000, maombi yatarundikana ndani ya lango na kila kitu kitaonekana polepole. Lango linalojibu kwa sababu 0B linakwambia kwamba lenyewe ni zima na mita ya nyuma yake haikujibu. Rudi kwenye multimita na ohm zako 60.

Mtakutana pia na BACnet kwenye majengo makubwa, poti 47808 ya UDP. SNMP kwenye UPS na vituo vya data, 161. DNP3 na IEC 61850 upande wa vituo vya umeme. Na MQTT inayopeleka data kwenye wingu, 1883 wazi na 8883 ikiwa imesimbwa. MQTT inatofautiana na Modbus kwa kitu kimoja kikubwa: kifaa kinatuma chenyewe bila kuitwa. Hilo linapunguza data kwenye laini ya simu, na kwa kituo cha mbali kinachotumia kadi ya simu, ni akiba ya kweli.

Muda sasa. Wateja wakubwa wa TANESCO na wa Kenya Power hawalipi kWh peke yake. Wanatozwa pia kVA, kipimo cha mzigo mzima, ya juu kabisa iliyofikiwa. kVA hiyo ni wastani wa kipindi kilichowekwa na msambazaji, na ili mita yako ilingane na ya msambazaji, urefu wa kipindi na saa ya kuanzia lazima vilingane. Mita yako ikichelewa dakika saba, kuwashwa kwa kompresa tatu kunaweza kuangukia kipindi kimoja kwao na kugawanyika vipindi viwili kwako, kisha mnabishana bili na wote mko sahihi kwa saa zenu. Tumia NTP, huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao, poti 123 ya UDP, mita zote zielekezwe kwenye seva moja ya ndani. Ukanda ni UTC+3, na kipengele cha saa za majira ya joto kizimwe; kuna mita zinazokuja kikiwa kimewashwa, na mwezi Machi au Novemba zinaruka saa nzima bila kumwambia mtu.

Na kWh isomwe kama jumla inayokua, msiitengeneze kwa kujumlisha kW za kila usomaji. Mtandao ukikatika saa tatu, jumla iliyo ndani ya mita inaendelea, na kiunganishi kikirudi mnajua kiasi chote kilichotumika hata kama hamjui kilitumika dakika zipi. Ukiona kW ya 65,531 kwenye mota ndogo, hiyo ni −5 iliyosomwa kama namba isiyo na alama. Badilisha aina ya data iwe yenye alama, kisha nenda kaangalie CT iliyofungwa imegeuka.

Nimesema Modbus haina nywila. Anayefika poti 502 anaweza kuandika kwa kazi 06 au 16, na kwenye mita isiyofungwa ulinzi wake anaweza kubadilisha uwiano wa CT au kufuta kumbukumbu. Toleo salama lenye TLS, yaani usimbaji na uthibitisho wa mawasiliano, lilitoka mwaka 2018 kwenye poti 802, lakini mita nyingi zilizoko viwandani hazina. Kwa hiyo tenga mita kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile, ruhusu seva moja tu ifike huko, fundi wa mbali aingie kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa, na kamwe poti 502 isielekezwe kwenye intaneti. Malango yanahitaji ulinzi kama seva. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi walizima umeme wa wateja takriban 225,000 nchini Ukraine, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuandika upya programu ya ndani ya vigeuzi vya seriali kwenda Etheneti kwenye vituo, ili waendeshaji wasiweze kuamuru breka kutoka mbali. Ikabidi mafundi waende vituoni kuzifunga kwa mkono. Vigeuzi hivyo ni ndugu wa lango dogo lililo kwenye reli ya paneli yako, lile ambalo nywila yake bado ni ile ya kiwandani.

La mwisho ni karatasi ya kukabidhi kazi, na nawaomba wasimamizi msitie saini bila hiyo. Iwe na mchoro wa mnyororo kwa mpangilio halisi wa kebo, mita ipi ni ya kwanza na ipi ya mwisho. Rezista za ncha na za kuvuta ziko wapi. Ohm na volti zilizopimwa siku ya kukabidhi. Kasi, pariti na anwani ya kila mita. Uwiano wa CT. IP, kinyago na ruta. Aina ya data na mpangilio wa vipande. Toleo la programu ya ndani. Nakala moja ibaki ndani ya mlango wa paneli, na nywila zihifadhiwe kwingine.

Asanteni. Mwenye kebo, lango au mita aliyokuja nayo ailete mezani, maswali tutayajibu tukiwa tunapima.